Sanamu ya Kusugua

Mama mkwe alisugua kichwa cha sanamu taratibu, kisha akaubandika mkono uleule kwenye utosi wa Fumie.

"Labda akili itaingia," alisema.

Waliokuwa kwenye foleni nyuma yao wakacheka chinichini. Kila mtu hapa Kyoto anajua sanamu ile ya mbao inavyotumika: unaisugua mahali panapokuuma wewe, kisha unajisugua hapohapo mwilini. Kama umekuja na mgonjwa, unamsugua yeye.

Fumie alikuwa akivumilia maneno ya namna hii tangu asubuhi. Hekalu hili lilikuwa la tatu siku hiyo, na mikononi mwake ilining'inia mifuko ya achari za figili, majani ya chai na keki za maharage, vyote vya mama mkwe, ambaye magoti yake hayawezi mizigo lakini ngazi za madukani yanazipanda bila shida.

"Na usiilaze hiyo mifuko, achari zitamwagika. Mkamwana wa jirani yangu, yule anajua kubeba."

Fumie akaitua mifuko yote sakafuni.

"Niwie radhi, Mama," alisema kwa upole. "Hata mimi nimekuja na mgonjwa."

Akanyoosha mkono kwenye midomo ya sanamu, na hapo akagundua kwamba midomo yenyewe haipo. Magoti ya sanamu yalikuwa yameng'aa tu, lakini mdomoni palikuwa pamelika kabisa kwa kusuguliwa, laini kama yai. Inaelekea hakuwa mkamwana wa kwanza kufika pale.

Akapasugua vizuri. Kisha akamgeukia mama mkwe, kiganja kimeinuliwa, na foleni nzima ikasogea ili ione.