Mama Mkwe Amelala

Kisanduku kipya kinachoendesha mashine yetu ya kuchanganya sabuni kinatumia Linux, mfumo wa kompyuta ulio wazi kwa wote, na programu yake haifichwi. Yeyote kiwandani anaweza kuisoma.

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana aliifungua kwenye skrini mbele ya bosi. Juu kabisa, pale nilipokuwa nimeandika jina langu, nikaona lake.

Nikasugua kidole nilichokiunguza nikiunganisha nyaya. Labda kakosea, nikajiambia.

Bosi akainamia skrini. "Hapa mashine inapowaka umeandika, 'Polepole, mama mkwe amelala.' Ndiyo nini?"

Rafiki yangu akacheka bila kunitazama. "Utani tu, bosi. Nilikuwa naiandikia nyumbani, mama mkwe wangu kalala chumba cha pili."

Mama mkwe yupi, na hata mchumba hana?