Biokemia Iliyomliza Mkwe

Mkwe alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

"Chuo cha udaktari? Wewe? Jamani, Daktari Sufuria!"

Jina likaganda hapohapo. Asubuhi Sufuria, jioni Sufuria. Mkwe alikuwa daktari bingwa wa moyo, wa mioyo ya watu, maana wake mwenyewe hakuna aliyewahi kuuona. Alifundisha chuo hichohicho ambacho Sufuria alikitamani. Nyumbani alifika mezani, akala, akainuka. Vyombo ni vya Sufuria.

"Mama, basi, yaishe," alisema mwanamume pekee wa nyumba ile, kabanwa kati ya wanawake wawili, huku damu, huku ndoa. Kisha akarudi kutazama mpira.

Chuo kilimkataa Sufuria. Alama zake za kemia zilikuwa dhaifu, na cheti chenyewe kimechakaa. Wakamshauri asome kozi moja ya nyongeza, ionekane kwamba kichwa bado kinashika, kisha aombe tena. Akikosa safari hii, ndiyo basi.

Mshauri wa masomo, kijana aliyekabwa na tai yake, akamfungulia orodha ya kozi.

"Chukua takwimu, ni laini. Au saikolojia. Wewe unaonekana unajua kuishi na watu."

"Ipi inaua?"

"Biokemia. Hata madaktari wakubwa wameirudia."

Sufuria akatabasamu. Siku moja yule mwanamume wa nyumba, katika utani, aliropoka kwamba biokemia ilimwangusha mkwe mara mbili. Mkwe alimkata jicho la kukausha nguo.

"Niandikie hiyo."

"Ukifeli, maombi yako yamekwisha."

"Andika."

Darasani wenzake walimpisha kiti cha mbele. Nyumbani alisoma huku akisugua masufuria, kila moja akilisugua kama uso wa mtu anayemjua. Alipofika kwenye vimeng'enya, akakuta kuna kinachovunjavunja wenzake bila chenyewe kubadilika hata chembe. Akakiita Mkwe. Hakukisahau tena.

Akapata A. Akaibandika kwenye mlango wa friji, usawa wa macho ya mtu fulani. Mkwe alifungua friji, akasimama, akafunga, akaondoka bila alichofuata. Siku hiyo hakuna aliyeitwa Sufuria.

Chuo kikampokea.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa vijana. Mkwe akaingia na koti lake jeupe, na wote wakasimama. Sufuria peke yake alibaki amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani.

Mkwe akajifanya hamwoni. Akapanga karatasi. Akazipanga tena.

Sufuria akakohoa kidogo, akamkazia macho, akasubiri. Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akampiga mwenzake kiwiko. Hakuna aliyethubutu kukaa.

Mkwe akazisukuma karatasi kando. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe," akajibu Sufuria, sauti ikafika viti vya nyuma kabisa. "Mimi nilitoka mapema. Mwanangu na wajukuu wameamka salama?"