Risasi Nyembamba ya Sikudhani

Wafugaji wa mji walikuwa wamemchagua Sikudhani awalinde mbuzi wao dhidi ya bweha, kwa sharti moja: akishindwa, kazi hiyo ataichukua shemeji yake, Chambuso. Sasa wote wawili walisimama dukani kwa muuza bunduki, na mezani palikuwa na risasi mbili. Moja ilikuwa nene kama kidole gumba. Ya pili, nyembamba kama kalamu.

"Chukua nene, shemeji," alisema Chambuso. "Hiyo nyingine ni ya kutishia njiwa. Utauaibisha ukoo mzima!"

Sikudhani aliishika ile nene, akaipima uzito kiganjani, akairudisha.

"Bweha ni mnyama mdogo," alisema. "Hii itampenya itokee upande wa pili, impate mbuzi aliye nyuma yake, kisha igonge ukuta wa jirani. Nyembamba ina kasi, na nguvu yake inaishia mwilini mwa bweha. Tena bunduki yake haisukumi bega, kwa hiyo nitaona nilipopiga."

"Na akija fisi?"

"Akija fisi nitakuita wewe, shemeji, uje umtukane."

Muuza bunduki aliangua kicheko. "Umemaliza, mama," alisema, akamtolea bunduki ya risasi nyembamba.

Sikudhani aliitundika begani, akapita katikati ya soko bila kuharakisha. Chambuso alimfuata nyuma, amebeba kisanduku cha risasi nyembamba. Wacheza bao walisimamisha mikono, na mmoja wao, aliyekuwa amepinga mwanamke kupewa kazi hiyo, akainuka taratibu kumpa heshima.