Mkuu Mpya wa Mradi

Risasi ya kwanza ilipolia nje ya geti, watu wote ndani ya kontena la ofisi walijitupa chini. Amisse peke yake alibaki amesimama.

"Lala, kaka! Lala, utakufa!" Suleimane akamvuta suruali kutoka chini ya meza.

Amisse akauchomoa mguu wake. Alikuwa anaangalia mlango.

Hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mlio ule hauna haja ya kuelezwa. Tangu wanaume wa porini waanze kuvamia, kila mtu ana wake aliyemzika, au ambaye hakupata hata cha kuzika. Suzete, mchora ramani, alishaanza kusali kwa sauti, anamwomba Mungu awaachie wanawe mama yao.

Mlango ukapigwa teke. Wakaingia wawili, nyuso zimefungwa vitambaa vyeusi, macho tu nje. Mfupi alikuwa na bunduki na kelele zote zilikuwa zake. Mrefu alikuwa na panga na hakusema neno.

"Chini! Simu mezani! Chefe, mkubwa wenu, nani hapa?"

Swali hilo lilikuwa donda la ofisi ile. Kampuni ilikuwa inavuta mtandao kutoka Palma hadi Quitunda, na Amisse alikuwa fundi wao toka ujana: kupanda minara, kuunga nyaya, kufufua kompyuta zilizokufa. Sasa ndevu zina mvi, goti linauma, mabosi wakamwambia shuka mnarani, uongoze mradi. Lakini kwa majaribio. Akapewa msaidizi, Orlando, kijana wa chuo, kiatu kinang'aa hata kwenye tope. Jumatatu mabosi wangechagua nani kati yao abaki mkuu. Na Amisse akishindwa, hakuna kurudi mnarani. Kazi yake ya ufundi ilishapewa mtu mwingine.

Orlando hakumpa nafasi ya kupumua. Tena mbele za watu. "Kaka Amisse, watu si waya. Huwezi kuwachuna ukaona shaba." Watu hoi kwa kicheko. Jana tu alimkuta anakaza bolti mwenyewe, akamnyang'anya spana. "Mkuu hashiki spana, mzee wangu. Mkuu anapanga, wenzake wanafanya. Kama huwezi, sema, nikae mimi hapo."

Amisse alicheka nao.

Leo Orlando hakuwepo. Asubuhi aliaga anakwenda Quitunda kuangalia mnara.

"Kashapona, mshenzi yule," Suleimane alinong'ona chini ya meza. "Ana bahati."

"Nimeuliza, chefe nani?" Mfupi akatoa mtutu mlangoni, akapiga nyingine hewani.

"Mimi," Amisse akasema.

Mrefu akamfuata. Akamkamata kola, akambana ukutani, akampandishia panga. Upande butu ukamgusa Amisse shingoni.

Spana ya mnara ilikuwa inaning'inia pale pale ukutani, ndefu kama mkono wa mtu. Amisse akaichomoa, akamtia nayo ya goti. Kitu kikavunjika, kila mtu alisikia. Mrefu akaanguka, panga likaruka huko. Akanyoosha mkono, kiganja wazi, mkono wa pili unahangaika kukivua kile kitambaa. Amisse akaupiga ule mkono. Mrefu akafungua mdomo. Amisse akampiga mdomoni.

"Mpige, chefe!" Suleimane katoka mafichoni, anagonga meza kwa ngumi. "Hilo la kaka yangu mliyemchinja! Mmalize!"

"Mmalize!" Suzete naye, machozi yanamtiririka.

Mfupi akatupa bunduki. "Inatosha! Jamani, inatosha!" Akatoka mbio. Wakamzomea. Hao ndio wanaume wa porini? Wanakimbia spana?

Amisse hakuacha. Alipiga kama anavyokaza bolti, taratibu, bila hasira, kila pigo mahali pake. Kitambaa kikalowa. Ramani ilikuwa imeanguka chini, damu ikaikuta, ikaifunika Quitunda yote. Miguu ya yule mtu ikatapatapa, halafu ikatulia.

Tomás, mkubwa wa walinzi, akaingia anahema. Nyuma yake yule mfupi, sasa uso wazi, na kila mtu akamjua: Adamo, mlinzi wao wa getini.

"Simulacro!" Tomás anapiga kelele. "Ni zoezi! Zoezi la kuwapima mkivamiwa! Acheni!"

Akapiga magoti, akakivuta kitambaa.

Orlando. Ama kilichobaki cha Orlando.

Suzete akatapika. Suleimane akaziba kwa mikono miwili mdomo ule ule uliokuwa unashangilia. Adamo akateleza ukutani mpaka chini, anarudia, "Nilisema inatosha. Nilisema, si mlinisikia?"

Spana ikamtoka Amisse mkononi. Akakaa sakafuni karibu na maiti, kichwa kakishika.

"Niliona panga," akasema. "Niliona panga tu."

"Kosa si lako, kaka." Suleimane akamkumbatia. "Wametuficha sisi sote. Nani angejua?"

Tomás akanyanyua macho. Akamtazama Amisse.

"Zoezi hili tulilijua sisi tu: mimi, wavaa vitambaa, na mkuu wa mradi," akasema. "Mimi na wewe tumelipanga, Amisse. Nikakuuliza tumfunge nani uso, ukaniambia Orlando."