Mzee wa Ngazini

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, mwaka 2025, asubuhi, fundi cherehani aliyehamia nchi ya watu alimkuta mzee, jirani yake, ameanguka ngazini.

Mkono wa mzee ulilishika pindo la gauni la fundi. Kucha zilikuwa zimeanza kupauka. "Mwanangu," alinong'ona.

Fundi alitazama juu, akatazama chini. Katika nchi aliyozaliwa, amgusaye majeruhi kabla polisi hawajafika ndiye anayelala rumande. Akavibandua vile vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama afumuaye mshono, akapanda zake.

"Wifi, mbona unahema hivyo? Umefukuzwa na fisi?" wifi yake alimcheka mlangoni.

"Mzee wa chini ameanguka. Sikumgusa."

Kicheko kilikatika. "Hukumgusa? Wifi yangu, huku sheria imegeuka! Anayefungwa ni yule aliyemwona akampita." Akashusha sauti. "Basi sema hukumwona. Nani atajua?"

Njia ya kuponea ilikuwa hiyo, nyeupe kabisa. Lakini moyo ulimsuta fundi, kwa kuwa hata pale ngazini, kabla hajaambiwa sheria ya huku, alikuwa anajua kwamba si haki kumwacha.

"Ita gari la wagonjwa, wifi," alisema huku akigeuka kushuka. "Na wakiuliza, waambie nilimwona, nikampita."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, msimulie jirani yako wa ngazi moja, kabla hamjapishana tena.