Komeo la Nje

Vyoo vipya vya wanawake vilikuwa vimekabidhiwa kitambo, lakini sakafu zake zilikuwa bado kavu. Mwasiti, mratibu wa misaada ya wanawake na wasichana pale kambini, alianza kushuku kuna mtu anawajaza wanawake maneno ili wasivitumie.

"Mbona mnaenda vichakani na vyoo hivi hapa?" alimuuliza Bi Nyanzige, mkimbizi aliyekuwa akifua jirani.

Bi Nyanzige alimtazama kama mtu anayejiuliza huyu yuko upande gani. "Ingia, mwanangu. Ujifungie."

Mwasiti aliingia, akavuta mlango, akapapasa ubao akitafuta komeo. Hapakuwa na kitu. Fundi alikuwa amelipachika kwa nje, kama la ghala.

Alipotaka kutoka, alisikia chuma kikisukumwa upande wa pili. Mlango haukusogea.

"Bi Nyanzige, fungua."

"Nyamaza," yule mama alinong'ona. "Anakuja."

Viatu vizito vilikanyaga changarawe, vikasimama. Kwenye uwazi wa chini ya mlango Mwasiti aliziona buti nyeusi. Zilikuwa za walinzi, wale aliowaomba yeye mwenyewe waletwe kuwalinda wanawake.

"Nani yumo?" sauti ya kiume iliuliza taratibu.

"Hamna mtu, afande. Huoni komeo limefungwa?"

Mwasiti aliziba mdomo kwa kiganja. Huko nje nguo iliyokamuliwa ilikuwa ikidondosha maji kwenye beseni. Buti hazikuondoka. Kisha komeo likaanza kusogea, polepole.