Namba ya Mzee Anselmi

Mzee Anselmi aliingia kliniki ya uvimbe kwa miguu yake, mkungu wa ndizi begani, na wauguzi wakaacha kazi kumtazama. Miezi minane nyuma waliambiwa hatamaliza miwili.

Alipopewa jibu lile alipanda mlimani kwao Kinole, akawagawia wanawe shamba la mdalasini, kisha akachimba kaburi lake mwenyewe ili asimsumbue mtu. Mkewe Agnes hakupata usingizi karibu na lile shimo. Presha ikampanda, akafa, akazikwa humo.

"Shikamoo, mzee," alisema Shukuru, karani wa kompyuta, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu, licha ya jua la Morogoro na joto lake lote.

"Marahaba, mwanangu. Namba yangu bado ipo?"

"Ipo. UV-001. Kwangu namba hazigongani."

Karani huyu alipenda sifa. Jedwali la wagonjwa alilitengeneza mwenyewe kliniki ilipofunguliwa: kompyuta inatafuta namba kubwa kuliko zote, inaongeza moja, basi. Alijaribu kwa mstari mmoja, akaufuta, jedwali likabaki tupu. Mzee Anselmi ndiye aliyefuata.

Daktari Zawadi, aliyehamia pale mwezi huo, alisoma upya karatasi ya maabara.

"Mzee, shingoni ulikatwa vipande viwili. Kimoja safi, kimoja kina saratani."

"Kimoja tu, mama. Hata siku ile nilisema. Wakaniambia ni uzee, nimesahau."

"Chupa zote mbili zimeandikwa UV-001."

Mzee aliuteremsha mkungu sakafuni polepole.

"Kwa hiyo Agnes nimemuua bure," alisema.

Kilio chake kiliumiza kukisikia. Daktari alimshika mkono mpaka akatulia.

"Pole sana, baba. Kipande kibaya si chako, shingo yako naiona haina kitu. Shukuru, sasa hiki ni cha nani?"

Shukuru alipeleka mkono chini ya kola, kwenye uvimbe uliokuwa kama punje ya mahindi siku alipojiandikisha wa kwanza, akakatwa, kisha akafuta mstari wenye jina lake wenzake wasilione, kompyuta ikampa mzee namba ile ile. Miezi minane hakuna aliyemwita kumpa jibu, naye akajihesabu mzima.